Wifi yangu anasema bakteria wa tumbo langu wamekufa

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mke na mama wa watoto wawili, na ninafanya kazi ya kutunza mahesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi mjini. Nimesita kwa miezi mitatu kabla ya kukuandikia, kwa sababu habari za tumbo na choo si habari ambazo mtu huzizungumza mbele za watu, na pia kwa sababu jambo langu limeingia katika undugu.

Yote yalianza miaka minne iliyopita, mwaka ule baba yangu mzazi alipougua na hatimaye kufariki. Nilikuwa nikipata kiungulia na maumivu kwenye chembe ya moyo, nikapimwa katika zahanati moja, nikaambiwa nina vidonda vya tumbo vilivyosababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Nilipewa dawa za siku 14, yaani antibiotiki za aina mbili pamoja na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nikazimaliza zote kama nilivyoelekezwa. Maumivu yalipungua. Hata hivyo, katika mwaka uliofuata nilitibiwa taifodi mara tatu, kila mara baada ya kutobolewa kidole na kupewa majibu ndani ya nusu saa, na mara moja niliambiwa nina amiba. Tangu wakati huo tumbo langu halijatulia. Linajaa gesi kiasi kwamba gauni nililolivaa asubuhi likinitosha vizuri, jioni linanibana. Naweza kufunga choo siku nne, kisha siku ya tano naharisha. Omeprazole naendelea kuinunua mwenyewe kwenye duka la dawa kila ninapohisi kiungulia, na nikihesabu sasa naona ni miaka mitatu.

Kwa kuogopa gesi nimeacha maharage, kunde, kabichi na matunda mengi. Ninakula wali mweupe, mkate laini, mayai na chai, na siku nikiwa kazini ninakula chipsi, kwa kuwa naona vyakula hivyo havinisumbui sana.

Mwanzoni mwa mwaka huu wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alianza kuuza virutubisho vya tumbo. Ni mtu mwema, na ndiye aliyelala nami nyumbani kwetu siku zote za msiba wa baba. Alinipa kipeperushi kinachoeleza kwamba bakteria katika mwili wa mtu ni wengi mara kumi kuliko seli zake mwenyewe, kwamba wana uzito wa kilo mbili, kwamba asilimia 90 ya homoni ya furaha hutengenezwa tumboni, na kwamba antibiotiki zikishawaua bakteria wema hawarudi tena mpaka wapandwe upya. Aliponisimulia hayo nililia, kwa sababu nilihesabu antibiotiki zote nilizomeza. Mpango anaoniuzia una kipimo cha choo kinachopelekwa nje ya nchi, kusafishwa utumbo kwa maji mara tatu, na vidonge vya probiotiki, yaani vya bakteria hai, vya miezi sita. Bei yake ni shilingi 1,900,000, naye amenipunguzia hadi 1,600,000. Anashauri pia kwamba mwanangu wa miaka saba, ambaye ana pumu ya ngozi, aanzishiwe mpango wa watoto.

Nimeshamlipa shilingi 400,000 kutoka kwenye akiba yangu ya kikoba, na mume wangu hajui. Akiba hiyo tuliipangia ada ya mtoto mkubwa anayeingia kidato cha kwanza. Nilishindwa kumwambia kwa sababu kila nikilalamika juu ya tumbo hunijibu kwamba ni mawazo tu, na neno hilo huniuma kuliko tumbo lenyewe.

Kwa upande mwingine yuko mama mkwe wangu, anayeishi Kibosho. Jumamosi tukienda kwake hutupikia kiburu cha ndizi na maharage au mtori, na mboga ya mnafu pembeni, nami hula kwa heshima nikijua kwamba usiku nitateseka. Jambo la ajabu ni kwamba mara nyingi siteseki. Yeye husema wazee walikula hivyo wakanywa na mbege yao, ile pombe ya ndizi, na hawakuyajua magonjwa haya yetu. Sisi kwa imani yetu hatunywi pombe.

Je, nimalizie malipo? Nimwanzishie mtoto? Nimweleze mume wangu, na nikiamua kuacha nimwambieje wifi yangu bila kumvunja moyo?

Mwenye tumbo zito, Moshi

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole kwa tumbo, na pole kwa baba, ambaye umemtaja kwa maneno machache tu katika barua ndefu, ingawa mwaka wa kuugua kwake ndio mwaka ambao mengine yote yalianza. Nitamrudia baadaye.

Nikikusoma vizuri, umeuliza kuhusu bakteria, lakini barua yako imebeba mizigo mitatu iliyofungwa kwa kamba moja: tumbo lililokutesa miaka minne bila mtu kukaa na kulitazama kwa ukamilifu, fedha iliyotoka bila mwenzako kujua, na wifi ambaye unaona kuikataa bidhaa yake ni kuukataa undugu wake. Naomba tuilegeze kamba hiyo, kwa maana inawezekana kila mzigo ukawa na njia yake.

Nianze na kipeperushi, kwa kuwa ndicho kilichokuliza. Msingi wake ni wa kweli, na wifi yako hakukosea kuuamini. Katika utumbo wetu, hasa utumbo mpana, wanaishi bakteria wa aina mamia kadhaa. Humeng'enya makapi ya vyakula ambayo tumbo la binadamu peke yake haliwezi kuyavunja, hutengeneza vitamini K na baadhi ya vitamini za kundi B, huizoesha kinga ya mwili kumtambua adui na kumwacha asiye adui, na kwa kule kuijaza nafasi yote huwanyima vimelea wa magonjwa mahali pa kukaa. Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokuwa wakiharisha kwa kurudiarudia kwa sababu ya bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hushamiri pale antibiotiki zinapowaondoa wenzake. Wagonjwa 16 waliingiziwa tumboni kinyesi cha watu wenye afya, kilichochanganywa na maji ya chumvi na kuchujwa, na 13 kati yao walipona kwa mara ya kwanza tu. Kwa hiyo mtu akikuambia viumbe hawa ni porojo, usimkubalie.

Lakini juu ya msingi huo kipeperushi kimejenga vitu ambavyo havisimami. Ile hesabu ya mara kumi ilirudiwa vitabuni kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2016 watafiti Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walipoihesabu upya na kukadiria kwamba mwanamume wa kilo 70 ana bakteria trilioni 38 hivi na seli zake mwenyewe trilioni 30, yaani karibu sawa kwa sawa, na kwamba bakteria hao wote wana uzito wa gramu 200 hivi, wala si kilo mbili. Ile homoni ya furaha, serotonini, ni kweli kwamba sehemu yake kubwa hutengenezwa kwenye ukuta wa utumbo, ila serotonini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo, na huko tumboni kazi yake kubwa ni kuuendesha utumbo wenyewe. Mtu aliyeandika maneno yale hakutaja nusu hiyo ya pili.

Sasa lile lililokuumiza zaidi, kwamba bakteria wakishauawa hawarudi. Mwaka 2018 watafiti wa Denmaki walieleza habari za wanaume 12 wenye afya waliopewa antibiotiki tatu kali kwa pamoja kwa siku nne. Bakteria wao walipungua vibaya, lakini katika mwezi mmoja na nusu wengi walikuwa wamerudi karibu na hali yao ya mwanzo, bila mtu kuwapanda. Ni kweli pia kwamba aina tisa walizokuwa nazo wote kabla ya dawa hazikuonekana tena hata baada ya miezi sita, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba dawa ulizomeza hazikuacha alama. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hakuna ushahidi wa tumbo lililokufa. Anayesumbuka na gesi kama wewe anao bakteria walio hai kabisa, kwa sababu gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni wao wanaoitengeneza.

Kuhusu kuwapanda kwa vidonge, kuna utafiti mmoja ambao ningependa wifi yako aujue. Katika Taasisi ya Weizmann ya Israeli, watu 21 walipewa antibiotiki kisha wakagawanywa: wengine wakaachwa tumbo lijirekebishe lenyewe, wengine wakarudishiwa kinyesi chao wenyewe kilichohifadhiwa kabla ya dawa, na wengine wakapewa probiotiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na waliopewa probiotiki ndio ambao bakteria wao wa asili walichelewa zaidi kurudi, kuwazidi hata walioachwa bila kitu. Watu 21 ni wachache, nami sitaki uchukue utafiti huo kama hukumu ya mwisho, kwa sababu zipo probiotiki ambazo zimeonekana kupunguza kuharisha mtu anapokuwa bado katika dozi ya antibiotiki. Wewe hauko katika dozi. Kwa tumbo la kujaa gesi na kubadilika choo kama lako, chama cha Marekani cha madaktari wa mfumo wa chakula, AGA, kilipopitia ushahidi wote mwaka 2020 kilishauri probiotiki zitumike ndani ya tafiti tu, kwa kuwa faida yake haijathibitika.

Kipimo cha choo cha kupeleka nje nacho kina ugumu wake. Kinaweza kukuorodheshea majina ya bakteria ulio nao, lakini wanasayansi hawajakubaliana picha ya utumbo wenye afya inafananaje, kwa hiyo hakuna kipimo cha kuilinganisha orodha yako nacho, na majibu yoyote utakayopata yataishia kwenye vidonge vilevile ambavyo tayari vimo kwenye bei. Kuhusu kusafishwa utumbo kwa maji nitasema wazi zaidi, kwa sababu hapa pana hatari. Utumbo mpana hauna uchafu ulioganda wa miaka mingi unaosubiri kuoshwa, kwa kuwa ukuta wake hujibandua na kujijenga upya kila baada ya siku chache. Maji mengi yanayosukumwa humo yanaweza kuvuruga chumvi za damu, na imetokea kwa baadhi ya watu utumbo ukatoboka. Isitoshe, mtu anayeamini kwamba bakteria wake wamepungua, atawaoshaje wale waliobaki?

Nimerudia kuisoma aya yako ya pili mara kadhaa, na kuna swali ambalo ninashangaa hakuna aliyekuuliza. Umemeza omeprazole miaka mitatu bila daktari. Dawa hiyo hupunguza asidi ya tumbo, na asidi ndiyo mlinzi wa mlangoni anayewaua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula. Wanaoitumia kwa muda mrefu huonekana kuwa na mchanganyiko tofauti wa bakteria utumboni, hata wa kinywani wakiteremka hadi chini, na hupata maambukizi ya tumbo zaidi ya wengine. Lawama zote umezibebesha antibiotiki za zamani, ilhali hii unaimeza hadi leo. Usiiache ghafla, tafadhali, kwa sababu asidi hurudi kwa nguvu na kiungulia kitakufanya uamini kwamba vidonda vimerejea. Hilo ni la kupanga na daktari, mpunguze kidogo kidogo.

Vilevile, je, kuna aliyekuthibitishia kwamba yule Helicobacter pylori alitoka? Kipimo chake sahihi baada ya tiba ni cha choo au cha pumzi, na hufanywa angalau wiki nne baada ya antibiotiki na wiki mbili baada ya kusimamisha omeprazole, la sivyo kinaweza kusema hayupo na kumbe yupo. Kipimo cha damu hakifai hapa, kwa kuwa kinaweza kuendelea kumwonyesha hata baada ya kuondoka. Na zile taifodi tatu kwa mwaka mmoja, majibu ndani ya nusu saa, zinanitia shaka. Vipimo vya haraka vya damu vya taifodi hukosea mara nyingi na kumtaja mgonjwa asiye na taifodi; kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, na majibu yake huchukua siku. Inawezekana antibiotiki ulizozililia hazikuhitajika. Sikuambii hili ili uanze kujilaumu, maana mgonjwa hutii anachoambiwa, bali ili safari ijayo ukitajiwa taifodi uombe damu ioteshwe kabla ya kumeza chochote.

Ndiyo maana natamani, kabla ya shilingi moja zaidi kwenda popote, umwone daktari bingwa wa mfumo wa chakula katika hospitali kubwa, ukiwa na orodha ya dawa zote za miaka minne. Mwambie waziwazi kama umewahi kuona damu kwenye choo, kama umepungua uzito bila kukusudia, kama maumivu au kuharisha hukuamsha usiku, kama umeambiwa damu ni pungufu, na kama kuna ndugu wa damu aliyepata saratani ya utumbo. Mojawapo likiwepo usisubiri wiki ijayo. Omba pia atazame ovari zako, kwa sababu kwa mwanamke tumbo linalobaki limevimba siku nyingi linaweza kutokea huko. Mambo hayo yote yakiwa salama, daktari anaweza kukuambia una ule ugonjwa ambao utumbo unakuwa mwepesi wa kuumia na kuvurugika ingawa vipimo havionyeshi kidonda. Ni ugonjwa unaotambulika, huanza mara nyingi baada ya maambukizi ya tumbo au misukosuko ya maisha, na wataalamu huueleza kuwa ni hitilafu katika mazungumzo kati ya utumbo na ubongo, mazungumzo ambayo bakteria nao wanashiriki.

Hapo ndipo ninapomrudia baba, na neno la mume wako. Aliposema "mawazo tu" alikosea kwenye hilo "tu". Majonzi hupita kwenye mishipa ya fahamu inayounganisha ubongo na utumbo, hubadili mwendo wa chakula, na huufanya utumbo uhisi kama maumivu kile ambacho kwa mwingine ni gesi ya kawaida. Ulimuuguza baba, ukamzika, na tumbo lako likawa linatibiwa peke yake kana kwamba halina mwenyewe. Je, kuna mtu uliyewahi kukaa naye ukamlilia baba kwa nafasi, mbali na zile siku za msiba ambazo wifi alilala nawe? Ninauliza kwa sababu naona huenda unachoogopa kukipoteza kwa wifi ni zaidi ya punguzo la bei.

Sasa chakula, ambacho mimi nakiona ndicho kiini cha barua yako, ingawa umekiweka pembeni. Bakteria wema wa utumbo mpana hula makapi ya vyakula vya mimea, yaani nyuzinyuzi na ule wanga mgumu wa ndizi mbichi na wa maharage, na kutokana nayo hutengeneza asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Mwaka 2015 ilichapishwa habari ya Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika 20 wa vijijini KwaZulu-Natal waliobadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipokula nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, butireti yao ilipanda. Waafrika walipohamia kwenye vyakula vya mafuta na nyama, yao ilishuka. Wiki mbili tu. Ukiutazama mlo wako wa sasa wa wali mweupe, mkate laini na chipsi, utaona kwamba kwa kuwakimbia wanaotoa gesi umewanyima chakula wote kwa pamoja, na kufunga choo siku nne kunaweza kuwa na chanzo hapo pia.

Na jirani yako kabisa, hapo Moshi, watafiti wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha mwaka 2025 utafiti wa wanaume 77 wa Tanzania. Waliozoea vyakula vya asili vya Kilimanjaro, vya ndizi, mboga za majani, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa, walipewa vyakula vya kimagharibi kwa wiki mbili, na wa mjini wakapewa vya asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Waliohamia vyakula vya kimagharibi damu yao ilionyesha kinga ya mwili ikiwaka kana kwamba kuna adui, na waliohamia vya asili, pamoja na wanywaji wa mbege, ikatulia, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Nilifurahi sana kuusoma, kwa sababu mama mkwe wako wa Kibosho amekuwa akisema hivyo bila maabara. Lakini nisiupeleke mbali kuliko ulipofika: walikuwa wanaume, tena wenye afya, na wewe ni mwanamke mwenye tumbo linalouma. Na mbege ni pombe, wala huhitaji kuvunja imani yako kwa ajili ya tumbo. Mtindi na togwa isiyolevya navyo vimechachushwa na bakteria, na mtindi una sukari ya maziwa kidogo kuliko maziwa mabichi, hivyo huwasumbua wachache zaidi.

Hatari ya njia hii ni haraka. Ukianza kesho na sahani nzima ya maharage, bakteria waliozoea njaa watatoa gesi nyingi, nawe utarudi kwenye mkate ukiapa kutoyala tena. Waliofanikiwa huanza na vijiko viwili au vitatu, maharage yaliyolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, wakakaa hapo wiki nzima kabla ya kuongeza, na maji ya kunywa yakiongezwa sambamba. Kama daktari atathibitisha ule ugonjwa niliousema, anaweza hata kukuelekeza upumzike kwa wiki chache vitunguu, maharage na ngano, kisha uvirudishe kimoja kimoja ili kumjua mchokozi. Mpango huo ni wa muda, na ufanywe na mtaalamu wa lishe, maana ukiufanya wa kudumu unawanyima tena chakula.

Kuhusu mtoto, moyo wangu unaegemea upande wa kusubiri. Mapitio ya tafiti za pumu ya ngozi yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, mwaka 2018 yalikuta probiotiki zinazoweza kupatikana sasa zinaleta nafuu ndogo mno au hazileti kabisa kwa wanaougua tayari. Mafuta ya kulainisha ngozi na dawa ya kupaka aliyopewa na daktari zina ushahidi mzito zaidi. Tena wewe ni mtu mzima unayeweza kusema "hiki kinanidhuru", naye ana miaka saba.

Ile laki nne inabaki. Unaweza kumalizia malipo, na huenda ukapata nafuu fulani, kwa kuwa mtu anayehudumiwa kwa upendo hupata nafuu, lakini ada ya kidato cha kwanza itaenda na siri itakua. Unaweza kumwomba wifi laki nne hiyo iwe bei ya vidonge vya mwezi mmoja au miwili, bila kipimo wala kusafishwa utumbo, muone pamoja kama kuna badiliko. Hilo linamwachia heshima yake, ila likikufanya uahirishe daktari litakugharimu. Unaweza pia kusimama hapo ulipo na kuihesabu kama msaada kwa biashara yake. Kwa vyovyote, sidhani unahitaji kumwambia kwamba bidhaa yake ni mbovu. Unaweza kumwambia, "Dada, daktari ameniambia nisiongeze kitu mpaka tumalize vipimo," na ikiwa utamwomba akusindikize hospitalini, huenda ukagundua kwamba alichotaka tangu mwanzo ni kukusaidia.

Mume wako atajua, mwanangu, maana ada ina tarehe yake. Siwezi kukuchagulia siku ya kumwambia, wala sijui hasira yake ikoje. Wewe ndiye unayemjua. Ninachokiona ni kwamba fedha na tumbo ni habari moja: uliificha fedha kwa sababu alilidharau tumbo. Ukimweleza fedha peke yake atasikia kosa. Ukimweleza yote mawili, pamoja na lile neno linavyokuuma, na ukimwomba aje nawe kwa daktari asikie mwenyewe, huenda akasikia zaidi.

Kuna jambo moja la kukuomba kabla hujamwona daktari. Chukua daftari, na kwa wiki tatu uandike kila siku ulichokula, ulivyolala, ulichokuwa ukikiwaza, na tumbo lilivyokuwa jioni. Daktari atalihitaji, lakini mimi nalitamani kwa sababu ya Jumamosi zako. Umesema kwa mama mkwe unakula kiburu, chenye ndizi na maharage yaleyale uliyoyaacha, na mara nyingi huteseki. Inawezekana ni ndizi, au maharage yaliyolowekwa vizuri na kuiva taratibu; inawezekana pia ni kwamba siku hiyo hakuna mahesabu ya dukani, watoto wanacheza uani, na kuna mtu mzima anayekupikia kama mwanawe. Niandikie tena, uniambie daftari limeonyesha nini.